Saa za mafunzo za kuhuisha leseni ya mkandarasi wa umeme Marekani: mwongozo kamili

Katika majimbo mengi ya Marekani, ada peke yake haitoshi kuhuisha leseni ya umeme. Mwenye leseni lazima aonyeshe saa za mafunzo alizosoma tangu mara ya mwisho alipohuisha. Saa hizo ziwe za aina iliyotajwa na jimbo, kutoka kwa mtoa kozi aliyeidhinishwa, na zimalizike ndani ya tarehe zilizopangwa. Sharti moja likikosekana saa zinaweza kukataliwa, hata kama mtu alikaa darasani mwanzo mpaka mwisho na kuelewa kila neno.

Kwa hiyo nafasi kubwa ya mwongozo huu ni ya mambo ya kabla ya darasa. Hapo ndipo saa nyingi hupotea. Fundi ananunua kozi kwa sababu ni fupi au kwa sababu rafiki yake alisoma hiyo, kisha anagundua wiki ya mwisho kwamba jimbo lake halikuihitaji.

Anza kwa kujua nani anadaiwa saa

Marekani haina leseni moja ya kitaifa ya ukandarasi wa umeme. Kila jimbo lina sheria zake, na yapo majimbo kama New York, Pennsylvania na Illinois ambayo kwa sehemu kubwa yameacha kazi hii kwa miji na kaunti. Jibu la swali la saa ngapi linapatikana kwa ofisi iliyotoa leseni yako, ambayo mara nyingi huitwa bodi. Ukifanya kazi New York City au Chicago, unafuata masharti ya mji.

Jambo linalowachanganya watu zaidi ni hili: leseni ya ukandarasi mara nyingi ni ya biashara, lakini saa za mafunzo ni za mtu. Kampuni haikai darasani. Jimbo linataka biashara iwe na mtu mwenye sifa anayesimama nyuma yake, na mtu huyo ndiye anayedaiwa saa.

Texas ni mfano mzuri. Leseni ya mkandarasi huko haina saa zake za mafunzo, lakini haiwezi kusimama bila fundi mkuu (master electrician, fundi wa daraja la juu) aliyeandikishwa chini yake, na fundi mkuu huyo anadaiwa saa 4 kila mwaka. Jimbo la Washington lina mpangilio unaofanana, ila kalenda zinapishana: leseni ya kampuni ni ya miaka 2, wakati cheti cha msimamizi au cha fundi mkuu anayeibeba kampuni hiyo ni cha miaka 3, na ndicho chenye saa 24. Mkandarasi anayefuata kalenda moja tu anaweza kuhuisha kampuni bila tatizo huku cheti kinachoishikilia kimekwisha muda.

California imekwenda njia nyingine. Mwenye leseni ya daraja la C-10, yaani ya ukandarasi wa umeme, inayotolewa na bodi ya leseni za wakandarasi iitwayo CSLB, hadaiwi saa za mafunzo anapohuisha. Lakini mafundi wanaofanya kazi chini yake wanatakiwa wawe na vyeti vya ufundi, na vyeti hivyo vinahuishwa kila baada ya miaka 3 kwa saa 32 za mafunzo pamoja na saa 2,000 za kazi. Mwenye C-10 anayeajiri kwa kukusudia mafundi wasio na vyeti anaweza kuchukuliwa hatua za kinidhamu na bodi. Kwa hiyo hata pale ambapo jina lako halimo kwenye orodha ya wanaodaiwa, kampuni yako imo.

Kabla ya kufungua ukurasa wa kozi yoyote, andika majina ya watu wote wa kampuni wenye leseni au cheti cha aina yoyote: mmiliki, fundi mkuu, mafundi kamili (journeyman), wanagenzi. Mbele ya kila jina weka aina ya leseni, namba yake, tarehe ya kwisha, idadi ya saa na mgawanyo wa saa hizo. Kwa kampuni ndogo ni kazi ya jioni moja. Wanagenzi wasisahaulike, maana baadhi ya majimbo huwadai saa kama hawako kwenye programu rasmi ya mafunzo.

Swali lingine la kujibu mapema ni la fundi mkuu akiondoka. Sheria za majimbo hutoa muda wa kumpata mwingine na hudai taarifa ipelekwe haraka. Ukijua kwamba msaidizi wake ana sifa na saa zake zimetimia, kampuni haitasimama. Kama biashara nzima imebebwa na leseni ya mtu mmoja, lipia mafunzo ya mtu wa pili hata kama jimbo halikulazimishi.

Soma mzunguko wako tarehe kwa tarehe

Mzunguko ni kipindi kati ya kuhuisha na kuhuisha. Mahali pengine unaanza siku leseni yako ilipotolewa, kwa hiyo kila fundi ana tarehe yake. Mahali pengine tarehe ni moja kwa wote. Florida, leseni za wakandarasi wa umeme waliothibitishwa kwa jimbo zima huisha tarehe 31 Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Massachusetts, leseni za mafundi huisha tarehe 31 Julai, kila baada ya miaka 3.

Tarehe ya pamoja ina hatari yake. Maelfu ya watu hutafuta kozi mwezi uleule, madarasa hujaa, na mitambo ya bodi huelemewa. Mwenye leseni katika jimbo la namna hiyo ajipangie tarehe yake ya mwisho, miezi mitatu kabla ya ile ya bodi, na aiheshimu kama ya sheria.

Kuna mambo matatu ya kuuliza kuhusu mzunguko. Je, saa za ziada zinahamishwa kwenda mzunguko unaofuata? Usitegemee hilo mpaka uone kifungu kinachoruhusu. Je, kozi ileile inahesabiwa mara mbili ndani ya mzunguko mmoja? Kwa kawaida hapana, hata kama umeisoma kwa walimu wawili tofauti. Je, mwenye leseni mpya anadaiwa saa zote anapohuisha mara ya kwanza? Majimbo mengine humsamehe au humpunguzia, mengine humdai kamili. Majibu haya yako kwenye sheria au kwenye ukurasa wa maswali wa bodi. Ukiyakosa, andika barua pepe na uhifadhi jibu lao. Jibu la maandishi kutoka bodi litakusaidia siku ya ukaguzi kuliko kumbukumbu ya mazungumzo ya simu.

Jumla ya saa haitoshi, angalia mgawanyo

Fundi akiulizwa anadaiwa saa ngapi hutaja namba moja. Bodi hutaja mbili au tatu. Minnesota inadai saa 16 kila miaka 2, na 12 kati ya hizo lazima ziwe za kanuni ya umeme (kitabu cha masharti ya kufunga umeme, kinachoelezwa hapa chini), ndipo 4 zilizobaki ziwe za mambo ya kiufundi yanayohusiana. Massachusetts inadai 21 kwa miaka 3, yaani 15 za kanuni na 6 za mada nyingine za fani. Washington, katika zile 24, inataka 8 za mabadiliko ya toleo la kanuni linalotumika sasa na 4 za sheria na taratibu za umeme za jimbo lenyewe, halafu 12 zilizobaki zinaweza kutoka kwenye mada nyingine zilizoidhinishwa. Texas ina saa 4 tu, lakini ndani yake lazima ziwemo kanuni ya umeme, sheria za jimbo na usalama kazini.

Chukua mfano wa msimamizi wa kampuni ya Washington aliyesoma saa 20 za mifumo ya sola na betri, zote zimeidhinishwa na zote nzuri. Akiongeza 4 za sheria za jimbo, jumla inafika 24 na anadhani amemaliza. Bado anadaiwa 8 za mabadiliko ya kanuni, na zile 8 za sola zilizozidi hazizibi pengo hilo.

Njia salama ni kuanza na saa zilizofungwa kwenye mada maalumu, kisha kumalizia na zile za hiari. Saa za hiari zinapatikana mwaka mzima. Kozi za sheria za jimbo zina walimu wachache, na hasa kwenye majimbo madogo unaweza kusubiri muda mrefu kabla darasa halijafunguliwa.

Toleo la kanuni: hapa ndipo penye uzito

Sehemu kubwa ya saa, karibu kila mahali, ni ya Kanuni ya Taifa ya Umeme, ambayo mafundi huiita NEC. Kwa jina la kiofisi ni NFPA 70. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1897, na sasa NFPA, shirika la kinga ya moto, huitoa upya kila baada ya miaka 3: 2017, 2020, 2023, 2026. Ila kitabu kikitoka hakigeuki sheria siku hiyohiyo. Kinakuwa sheria jimbo likikipitisha, na kila jimbo hupitisha kwa wakati wake, mara nyingi likiwa limebadilisha vifungu kadhaa. Siku moja ukivuka mpaka wa jimbo unaweza kujikuta unafanya kazi chini ya toleo jingine kabisa.

Hili linagusa saa zako moja kwa moja. Kozi ya mabadiliko ya toleo jipya ambalo jimbo lako halijalipitisha inaweza isihesabiwe kwenye saa za lazima, na kozi ya toleo lililokwisha kuondolewa pia inaweza kukataliwa. Hakikisha jina la kozi linataja mwaka wa toleo, na mwaka huo ni ule unaotumika katika jimbo lako siku utakayosoma. Kama jimbo limetangaza kwamba litahamia toleo jipya katikati ya mzunguko wako, na tarehe zinaruhusu, ahirisha saa za mabadiliko mpaka toleo lianze kutumika. Utazisoma saa hizo mara moja, na zitakufaa kwa miaka inayofuata.

Kuhusu manufaa ya saa hizi, nina msimamo. Watu wengi huzichukulia kama kodi ya muda. Ukizitazama kazi zinazokataliwa na wakaguzi, utaona nyingi zinatokana na vifungu vilivyobadilika wakati fundi bado anafunga kwa mazoea ya toleo alilosomea. Toleo la 2020 peke yake lilileta mabadiliko mawili yanayogusa karibu kila nyumba. Kifungu cha 230.67 kilianza kudai kifaa cha kukinga volti inayopanda ghafla kwenye umeme unaoingia katika makazi, na sharti hilo linakuhusu hata unapobadilisha vifaa vya kuingizia umeme katika nyumba ya zamani. Kifungu cha 230.85 kilidai swichi ya dharura ya kuzima umeme iwe nje, mahali panapofikika kwa urahisi, kwa nyumba za familia moja au mbili, ili wazima moto wakate umeme bila kuingia ndani. Fundi aliyetoa bei ya kubadilisha paneli bila kuhesabu vitu hivi viwili amejipunja mwenyewe, au atarudi kwa mteja kuomba nyongeza baada ya makubaliano.

Toleo la 2023 liliendelea mbele. Jikoni, kinga ya GFCI, ile inayokata umeme pale unapovuja kwa miliampia 4 hadi 6, sasa inatakiwa kwa soketi zote, wakati mwanzo sharti la jikoni lilitaja zile za juu ya meza za kuandalia. Sharti la kinga ya volti inayopanda ghafla likapanuliwa kufika mabweni, vyumba vya wageni hotelini na sehemu za kulala katika nyumba za kutunzia wagonjwa na wazee. Likaruhusu pia saketi za ampia 10, kwa masharti, na mojawapo ni kwamba haziruhusiwi kulisha soketi. Kwa anayefanya kazi za sola na betri, kifungu cha 690 cha sola kimekuwa kikibadilika toleo baada ya toleo tangu sharti la kuzima haraka mfumo wa sola juu ya paa lilipoingia mwaka 2014, na kifungu cha 706 cha kuhifadhi umeme kikaongezwa katika toleo la 2017. Mtu aliyefunga sola kwa toleo la 2014 akairudia kazi leo bila kusoma, mchoro wake hautapita.

Ili saa za kanuni zikufae, ingia darasani na kitabu chako mwenyewe cha toleo linalotumika, hata kama mwalimu ana slaidi zake. Beba pia michoro au orodha za vifaa vya kazi tatu ulizomaliza karibuni, za aina tofauti. Mwalimu akifika kwenye badiliko, itazame michoro yako na ujiulize kama kazi ile ingepita leo. Pale isipopita, weka alama kwenye kitabu kando ya kifungu na andika jina la kazi. Ukimaliza darasa utakuwa na orodha fupi ya mambo ya kubadilisha kwenye makadirio yako ya bei, kwenye oda za vifaa na kwenye maelekezo unayowapa vijana wako. Orodha hiyo ina thamani kuliko cheti.

Usalama kazini: usizisome kwa haraka

Saa za usalama mara nyingi hufuata NFPA 70E, kitabu kinachohusu jinsi ya kufanya kazi bila kuumizwa na umeme, tofauti na NEC inayohusu jinsi ya kuufunga. Texas hukitaja wazi ndani ya zile saa 4. Nacho hutolewa upya kila baada ya miaka 3, na toleo la 2024 lilifuata lile la 2021.

Kanuni yake ya msingi ni kwamba umeme unazimwa kwanza. Kufanya kazi kwenye saketi yenye umeme ni jambo la kipekee linalohitaji sababu inayokubalika, na mteja kutotaka kuzimiwa umeme mchana haitoshi kuwa sababu. Mafunzo mazuri yatakupitisha hatua kwa hatua: kutambua vyanzo vyote vya umeme, kuzima, kufunga kwa kufuli na kuweka lebo, kisha kuthibitisha kwamba umeme haupo. Uthibitisho unafanywa kwa kupima waya wa moto mmoja hadi mwingine na kila mmoja hadi erthi, na kipimo chenyewe kinajaribiwa kwenye chanzo kinachojulikana kabla na baada ya kupima. Kujaribu baada ya kupima ndiko kunakoachwa sana, na ndiko kunakogundua kipimo kilichokufa katikati ya kazi.

Pia utasoma mipaka ya kukaribia sehemu zenye umeme na hatari ya mlipuko wa mwali (arc flash), yaani joto kali linalotoka umeme unaporuka hewani. Mpaka wa mlipuko huwekwa pale ambapo joto linalomfikia mtu ni kalori 1.2 kwa sentimita ya mraba, kiwango ambacho ngozi isiyofunikwa huanza kupata kuungua kwa daraja la pili. Kuelewa namba hiyo kunakusaidia kusoma lebo zilizobandikwa kwenye paneli za viwanda na majengo makubwa, na kuchagua mavazi kulingana na lebo badala ya kukisia.

NFPA 70E yenyewe inataka wafanyakazi wafundishwe upya angalau kila baada ya miaka 3. Kwa hiyo mwajiri anaweza kupanga darasa moja linalotimiza mambo mawili: saa za leseni na wajibu wake kwa wafanyakazi. Muulize mtoa kozi mapema kama darasa limeidhinishwa kwa saa za leseni. Zile kozi maarufu za OSHA, idara ya serikali ya Marekani ya usalama kazini, za saa 10 na saa 30 ni nzuri, lakini hazihesabiwi kwa leseni mpaka jimbo liwe limeziidhinisha kwa kazi hiyo.

Kumchagua mtoa kozi

Tafuta kozi kwenye orodha ya bodi yenyewe, usianzie kwenye matangazo. Bodi nyingi zina ukurasa wa kutafuta watoa kozi walioidhinishwa. Kila kozi ina namba ya idhini, aina ya saa inazotoa na tarehe idhini inapokwisha. Namba hiyo ilingane na ile iliyo kwenye tangazo. Tangazo linalosema kozi inakubalika majimbo yote lisikuridhishe, kwa sababu idhini hutolewa jimbo kwa jimbo.

Darasa la ana kwa ana au la mtandaoni? Jimbo lako kwanza: yapo yanayokubali yote, na yapo yanayoweka kikomo cha saa za mtandaoni au kutaka zile ambazo mwalimu yuko hewani muda wote. Kama una uhuru wa kuchagua, saa za sheria za jimbo zisome mtandaoni kwa kasi yako, maana ni za kusoma na kukumbuka. Saa za mabadiliko ya kanuni zisomee mbele ya mwalimu unayeweza kumkatiza na kumuuliza, tena darasani pamoja na mafundi wengine. Swali la fundi wa kiwandani linaweza kukufungua macho wewe wa majumbani. Kozi za mtandaoni zina saa ya kuhesabu muda, kwa hiyo kubofya haraka hakukusaidii, na kuacha ukurasa wazi ukaondoka kunaweza kukutoa nje ya mfumo.

Cheti, na kuhakikisha saa zimefika

Ukimaliza, usiondoke na cheti bila kukisoma. Jina liwe kama lilivyo kwenye leseni, pamoja na jina la kati kama lipo. Namba ya leseni isiwe na tarakimu iliyogeuka. Angalia namba ya kozi, tarehe, idadi ya saa na aina yake. Hili ni muhimu zaidi kwa wenye majina ambayo makarani hawajayazoea, kwa kuwa herufi moja ikigeuka, saa zinaweza kuingia kwenye faili la mtu asiyekuwepo.

Katika majimbo mengi mtoa kozi ndiye anayepeleka saa kwenye mfumo wa bodi. Si papo hapo, huchukua siku, pengine wiki. Ingia kwenye akaunti yako ya bodi baada ya wiki mbili na uthibitishe. Zikiwa hazipo, mwandikie mtoa kozi kwanza, ukiambatanisha cheti, kisha bodi kama hajibu. Mtu aliyemaliza darasa siku mbili kabla ya leseni kwisha amejinyima nafasi ya kufanya haya yote.

Kwingine bodi haipokei saa kabla. Unatia saini tamko kwamba umezitimiza, na baadaye bodi huchagua baadhi ya watu na kuwadai vyeti. Usiwahi kutia saini tamko hilo ukiwa na saa pungufu, hata kama pengo ni saa moja na darasa ni kesho. Kuchelewa kuna ada, lakini tamko la uongo ni kosa la kinidhamu linaloweza kugharimu leseni yenyewe. Hifadhi vyeti kwa mizunguko miwili kamili, nakala ya karatasi na nakala ya kidijitali, vikiwa vimepangwa kwa mtu na kwa mwaka.

Kujaza maombi yenyewe

Saa zikishatimia, kilichobaki ni makaratasi. Bodi itataka ada, na kwa leseni ya ukandarasi mara nyingi uthibitisho wa bima ya dhima, bima ya fidia kwa wafanyakazi au tamko la kutokuwa nao, na dhamana pale inapohitajika. Jina la biashara kwenye bima lilingane na jina kwenye leseni mpaka nukta ya mwisho. Mwombe wakala wa bima atume hati mapema.

Anwani yako nayo iwe ya sasa. Notisi za kuhuisha hutumwa kwenye anwani iliyosajiliwa, na kutoipata notisi hakukubaliki kama utetezi.

Ukiwa umechelewa

Leseni ikiisha, kazi za ukandarasi zinasimama siku hiyo. Huruhusiwi kutoa bei, kusaini mkataba mpya wala kuomba kibali cha kazi mpaka ihuishwe, na kazi zilizokwisha kuanza zinahitaji ushauri wa bodi au wakili kabla ya kuendelea. California ni mfano wa jinsi jambo hili lilivyo zito: sheria ya huko, kifungu cha 7031, inamzuia mkandarasi aliyekosa leseni katika kipindi chochote cha kazi kumdai mteja malipo mahakamani, na inampa mteja haki ya kudai arudishiwe alicholipa. Kwa kampuni ndogo, mradi mmoja wa aina hiyo unatosha kuifunga.

Gharama za kuchelewa hutofautiana. Texas, leseni iliyopitwa na siku 90 au pungufu huhuishwa kwa mara moja na nusu ya ada ya kawaida. Zikizidi 90 lakini haijafika miezi 18, ada ni mara mbili. Baada ya hapo unahitaji ruhusa maalumu, na huko mbele kabisa unaanza upya kama mwombaji mpya. Saa za mafunzo bado unazidaiwa katika hatua zote hizo.

Mwenye sababu nzito, kama ugonjwa wa muda mrefu au utumishi jeshini, aandike kwa bodi kabla ya tarehe ya mwisho na si baada yake. Majimbo mengi yana nafuu kwa walioko jeshini. Anayejua kwamba hatafanya ukandarasi kwa muda aulize kama leseni inaweza kuwekwa katika hali ya kupumzika. Mara nyingi hali hiyo humwondolea saa kwa kipindi hicho, ingawa atazidaiwa atakapotaka kurudi kazini.

Leseni za majimbo mawili

Anayefanya kazi pande mbili za mpaka ana mizunguko miwili, migawanyo miwili na pengine matoleo mawili ya kanuni. Tafuta watoa kozi walioidhinishwa na majimbo yote mawili kwa darasa lilelile. Wapo, hasa kwa majimbo jirani. Darasa moja la mabadiliko ya kanuni linaweza kuhesabiwa kote kama majimbo yote mawili yanatumia toleo moja, na utahitaji cheti chenye namba mbili za idhini au vyeti viwili. Saa za sheria za jimbo hazigawiki, kila jimbo linataka zake.

Panga kwa kuanzia na jimbo lenye masharti makali zaidi. Tuseme una saa 24 za miaka 3 Washington na leseni nyingine inayodai saa chache kila mwaka. Weka darasa moja la pamoja kila mwaka, kisha ongeza saa za sheria za Washington katika mwaka wa kwanza, na saa 8 za mabadiliko ya kanuni katika mwaka ambao toleo jipya linaanza kutumika. Kila Januari, fungua ile orodha ya majina uliyoandika mwanzo, sahihisha tarehe, futa walioondoka kazini na uongeze walioingia, kisha mpe kila fundi karatasi yake inayoonyesha saa alizonazo, alizobakiza na tarehe ya darasa lake linalofuata.